Sista Aliyemnyima Mama Yangu Sindano

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa pale ambapo wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua hunikosi, yaani kwenye kiti changu cha kamba barazani, nje kidogo ya Kehancha, nikijifanya nafikiri. Aliyezileta ni mama mmoja muuza omena, wale dagaa wadogo, ambaye hutoka ziwani kila wiki na gunia lake na hupita kwetu kabla ya kuingia sokoni kwa sababu mke wangu humwekea chai. Alisema kwamba yule sista wetu wa zamani, yule muuguzi wa Mfangano aliyekuwa hapa dispensari, alipumzika wiki iliyopita na wameshamzika kisiwani kwao. Nikamuuliza aliugua nini. "Aliugua tu," akasema, kwa ile sauti ambayo sisi tunaoishi upande huu wa nchi miaka hii ya tisini tumejifunza kutoifuata kwa swali la pili. Kisha akauliza kama chai iko.

Jina lake sitalitaja, maana hata alipokuwa hai hakupenda kutajwa, na safu hii ina desturi yake. Wala sitadai kwamba alikuwa rafiki yangu. Tulifahamiana kama unavyofahamiana na mtu aliyewahi kukuchoma sindano ya makalio: kwa heshima, na bila kutazamana sana usoni. Lakini kuna alasiri moja niliyokaa karibu naye ambayo nimeibeba miaka minne sasa na sijapata kuiandika, kwa sababu ndani yake mimi naonekana mjinga. Alasiri hiyo mama yangu mzazi alikuwa anakufa kwenye benchi la dispensari, na kilichokuwa kikimuua, ukiondoa malaria, ni maneno yangu mwenyewe. Ili mwelewe, itabidi kwanza niwaeleze habari za mgongo wangu. Najua. Vumilieni.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, katika msimu wa kukausha tumbaku, mgongo wangu ulikatika. Aliyewahi kukausha tumbaku anajua kwamba moto wa bandani hauzimwi, na kuni hazitoshi kamwe. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliona kwamba maumivu yameanza asubuhi ile ile ambayo gogo la kupasuliwa liliteremshwa uani, akasema mgongo huo una kalenda. Nilimsamehe. Siku ya tatu sikuweza kugeuka kitandani, na miguu yangu ilikuwa kama nimeazimwa na jirani. Nikaanza kufikiria niliokosana nao, hasa binamu mmoja tuliyezozana naye kuhusu mpaka wa shamba, nikajiuliza amekwenda kwa nani na amepeleka nini. Nilisoma mpaka Form Four na nikafaulu bayolojia, lakini bayolojia ya Form Four huishia mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Mwishowe nilipakiwa nyuma ya baiskeli ya boda boda kama gunia la mahindi, nikapelekwa dispensari.

Sista alikuwa mfupi, mpana, mwenye raba miguuni na sweta mwilini hata jua likiwaka, kwa madai kwamba milima yetu ina baridi ambayo Mungu hakuipeleka ziwani. Kikuria hakukijua, nasi Kijaluo hatukujua, kwa hiyo tulionana katika Kiswahili. Chake kilikuwa cha ziwani, kila neno limekaa linavyotaka. Changu kilikuwa cha shuleni, na alinicheka. "Wewe unaongea kama taarifa ya habari," aliniambia. "Haya, soma habari ya mgongo." Akanibonyeza pingili moja baada ya nyingine, akanikunja miguu, akaniuliza nalalaje, nakula nini, naogopa nani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo yangu kwa muda mrefu hivyo, na mimi ni mtu ninayependa kuulizwa. Nilimweleza mpaka habari za binamu. Alinitazama kidogo, akaenda kwenye kabati la kioo.

Lazima mjue kwamba kwetu mtu akienda dispensari akarudi na vidonge vitupu, huulizwa kama daktari hakuwepo. Matibabu ni sindano. Ukitoka bila kuchechemea, hukutibiwa. Sista alilijua hilo kuliko sisi wenyewe. Aliwasha stovu, akachemsha bomba na sindano ndani ya bakuli la chuma mpaka benchi zima la nje likasikia maji yakitokota. Akatoa kichupa, akakiinua dirishani, na ndani yake mlikuwa na kitu chekundu kama soda ya sikukuu. Akakipiga kwa ukucha. Akaniambia polepole, "Hii ni kali. Sipatii kila mtu. Itachoma mpaka kwa kidole ya mguu. Leo utalala, na asubuhi utatembea mpaka choo peke yako." Ilichoma mpaka kwenye kidole cha mguu. Nililala. Asubuhi nilitembea mpaka chooni, na nilipofika sikuwa na haja yoyote, nilikuwa nimeenda kwa sababu nimeambiwa.

Tangu siku hiyo mimi, ambaye huchukua siku tatu kuamua kwenda dukani, nikawa mtembezi. Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga unga nikasimulia. Nilisimulia baada ya ibada, nikasimulia mahali pa kupimia tumbaku, na kila niliposimulia ule wekundu ulizidi kukolea. Watu walianza kuja hata kutoka Kegonga wakiulizia ile nyekundu iliyomsimamisha kiwete. Kiwete ndiye mimi. Na hakuna aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko mama yangu, aliyekuwa akiketi kando yangu nikisimulia na kunikumbusha nilipoacha kitu.

Katika mvua za masika za mwaka uliofuata ndipo mama alipougua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mama alificha siku nne nzima kwa sababu palizi ilikuwa haijaisha. Siku ya tano mke wangu alimkuta jikoni akizungumza na baba, ambaye tulimzika zamani, akimwambia amfunge ndama. Macho yalikuwa ya manjano. Alikuwa akitapika hata maji. Tulipomwambia twende dispensari alikubali upesi, tena kwa furaha, akajifunga kitambaa kichwani mwenyewe. Nilipaswa kushtuka hapo. Mama yangu hakuwahi kukubali jambo upesi.

Tulifika yapata saa saba na nusu. Palikuwa na watu kama kumi kwenye benchi, wengi wao wateja wa hadithi yangu, wakasogea mama apate kujilaza. Sista alimvuta kope ya chini, akamshika shingo, akasoma kipimajoto, na uso wake ukafungwa kama duka. Akaniita mlangoni. Hii ni malaria iliyopanda kichwani, akasema. Inataka kwinini ya dripu, na yeye hana. Sanduku la dawa la serikali lilikuwa limekwisha wiki nyingi na jingine halijaja, lililobaki ni vidonge ambavyo mama angevitapika. Lazima alale Migori hospitalini leo hii, si kesho. Pikapu ya kituo cha tumbaku ingepita saa tisa, na hilo ndilo gari pekee. Baada ya hapo kulikuwa na wingu. Wote tuliliona, limekaa juu ya vilima, jeusi, na barabara yetu ya udongo mweusi ikinyeshewa haipitiki hata na ng'ombe, wala mto hauvukiki.

Nikarudi kwa mama nikamwambia tunakwenda Migori. Akasema yeye haendi Migori. Huko wanaenda watu wa kufa. Amekuja kuchomwa ile nyekundu, achomwe, arudi nyumbani akamalize mistari yake sita ya palizi. Nikambembeleza. Mke wangu akambembeleza. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na kusema kwamba atakayemwinua atajua ni nani aliyemzaa. Kwetu mwana hamshiki mama yake kwa nguvu, akishamshika maneno yatakayomtoka mama hayafutiki kwa ng'ombe wala kwa sala, na hakuna mwanamume wa ukoo atakayekusaidia kumbeba. Nikamtazama Sista. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro.

Sista alinichukua nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji ya mvua. Alisimama akiwa amenipa ubavu, kama mtu anayezungumza na tangi.

"Omera, ndugu yangu, ile sindano yako ilikuwa maji."

Nikamuuliza maji gani.

"Maji safi, ile tunachanganyia dawa. Na vitamini kidogo ndio ikuwe nyekundu. Mifupa yako haikuwa na kitu. Ulikuwa na woga, na gogo ya kuni."

Wasomaji wangu, naapa kwamba mgongo uliuma papo hapo, kama mbwa aliyesikia jina lake. Nikasema, lakini niliamka. Akasema, ndiyo, uliamka, nikafurahi sana. Nami, ambaye nusu yangu ilikuwa inaaibika na nusu nyingine inahesabu dakika, nikaona njia rahisi kabisa, nikashangaa kwamba yeye haioni. Nikamwambia, basi mchome mama hiyo rangi sasa hivi, aridhike, tumpakie.

Akakataa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sidhani alimweleza mtu mwingine hapa kwetu. Kabla ya kuletwa huku alikuwa kwenye zahanati ya ufukoni, upande wa Homa Bay. Akaletewa mvuvi mmoja, mtu mkubwa, homa imemkaa kama moto, na boti ya kumpeleka hospitali ingekuja alasiri. Mvuvi alikuwa akilia kwa woga, mkewe akilia naye, na Sista, kwa huruma tu, ili watulie wakingoja, akachemsha bomba na kumchoma ile nyekundu, akamwambia atapata nguvu. Akapata nguvu. Baada ya nusu saa alikaa kitako, akaomba samaki na ugali. Boti ilipofika alisema wapelekwe wagonjwa, yeye mzima. Siku ya tatu walimzika.

"Alisaidia kusukuma hiyo boti iingie maji, na mikono yake," Sista alisema. "Na nguvu ya kusukuma nilimpatia mimi." Akafuta uso kwa kiwiko cha sweta. "Kwa homa siweki tena. Mama yako nikimchoma atashikilia hiyo benchi na nguvu mpya. Pikapu itaenda. Sasa mimi hanielewi, wewe ndio mdomo yangu. Enda umwambie vile nimekuambia."

Tukarudi. Ningependa kuwaandikia kwamba nilifanya hivyo. Lakini lile benchi lilikuwa limejaa watu ambao nilikuwa nimewasimulia mwaka mzima, na wote walinyamaza tulipotokea, shingo zimenyooka kama za bata. Sista alisimama mbele ya mama akasema kwa Kiswahili, wazi, sentensi kwa sentensi: ile dawa nyekundu ni maji, mwanao aliponywa na maji, homa hii haitaki maji, inataka Migori. Nami nikageuka nikamwambia mama kwa Kikuria kwamba Sista anasema ile nyekundu ni ya mgongo, haifai kwa homa.

Mama akafikiri. Akasema hata mgongo unamuuma.

Nikamwambia, anasema pia imekwisha. Mama akainua kidole kuelekea kabati la kioo, ambako vichupa vinne vilisimama mstari mmoja, vyekundu vinang'aa. "Mwanangu," akasema, "homa imenishika kichwa. Macho haijanishika."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo, Mungu anisamehe, kwa unafuu wa mtu ambaye bado hajavuliwa nguo. Tukasikia ngurumo upande wa vilima. Mama alijilaza tena, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusema na baba. Mke wangu akanitazama. Yeye Kiswahili anakijua, na alikuwa amesikia lugha zote mbili.

Sista hakuwa amesogea. "Omera," akasema. "Umemwambia nini?"

Nikasema, ulivyosema.

"Nimekaa hapa miaka nne. Kikuria sijui. Lakini neno ya maji naijua, kila siku naitisha maji hapa. Sijaisikia kwa mdomo yako."

Sijui kama mmewahi kukamatwa hivyo, na mtu asiyepaza sauti. Pikapu ilikuwa imefika, niliisikia ikizimwa kule barabarani, na dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu. Nikachuchumaa karibu na sikio la mama. Kisha nikaona kwamba kunong'ona ni kujificha tena, nikasimama. Nikasema kwa Kikuria, kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza, kwamba ile sindano niliyochomwa mwaka jana, ile niliyowasimulia wote hapa, ilikuwa maji. Maji na rangi. Sista amenieleza leo. Haina dawa ndani yake, na mama akichomwa hiyo akabaki hapa atakufa.

Mwanamume mmoja kwenye benchi akasema taratibu, "Kumbe alikuwa anatoroka kuni." Benchi likalipuka. Mke wangu alikuwa akitazama sakafu, na nina hakika hakuwa anahuzunika.

Mama hakucheka. Alifumbua macho, yakanitafuta mpaka yakanipata. "Na mgongo uliuma?" akauliza.

"Uliuma kweli, mama."

"Na ulipona?"

"Nilipona kweli."

"Kwa maji."

Nikasema ndiyo. Nikangoja. Ndani yangu nilikuwa nikiogopa jambo moja, kwamba atasema kama maji yalikutosha wewe, basi yananitosha na mimi. Honi ikalia mara ya pili, ndefu kidogo. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati. Mama akasema nimuulize Sista kama siku ile ile alijua kwamba ni maji. Nikauliza. Sista akasema alijua. Mama akasema nimuulize kama amewahi kuwaambia watu hawa. Sista akasema hapana, ni leo, na mikono yake ilikuwa imening'inia tu kama ya mtu anayengoja kupekuliwa.

Mama akawatazama watu wa benchi mmoja mmoja, kisha akamtazama Sista, kisha mimi, ambaye nilikuwa bado nimesimama kama mhubiri aliyesahau andiko. "Mtu mzima hajivui nguo mbele ya watu kama hawa kwa mzaha," akasema. "Na wao wamekuwa wawili. Nipeni shuka."

Tulimwinua, kwa ruhusa yake. Mlangoni akasimama, akauliza huko Migori watamtia nini. Nikamwambia dawa chungu, iliyotiwa ndani ya maji. "Maji tena," akasema. Nilipomtafsiria Sista, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi cha puani, kisha akavua raba zake zenye matope, akapanda nyuma ya pikapu juu ya robota za tumbaku, akapakata kichwa cha mama. Hakuna aliyemwomba aje. Mtoni maji yalikuwa yameshafika kwenye ekseli. Kabla hatujafika Migori mama alikuwa haitiki tena, si kwangu wala kwa baba. Daktari wa zamu alisema angelala nyumbani usiku huo asingeamka, na siku mbili mama hakunijua. Siku ya tatu aliomba uji na kusema shati langu ni chafu.

Hapo ndipo hadithi nzuri ingeishia. Lakini Sista aliporudi kwenye dispensari yake, alikuta benchi nusu. Baada ya mwezi mmoja likawa tupu. Watu walisema amewachezea, na walisema kweli, kwa sababu wapo wengine waliochomwa ile nyekundu na wakaamka. Wakaanza kwenda sokoni kwa bwana mmoja aliyekuwa akidunga watu nyuma ya pazia la duka, kitu chochote, kwa sindano moja. Hata akina mama waliacha kuleta watoto kwa chanjo, ikabidi Sista awafuate nyumba kwa nyumba na kibebeo chake cha barafu, akifukuzwa na mbwa. Hakuwahi kusema kwamba yote hayo yalitokana na mdomo wangu. Nilikutana naye njiani siku moja, nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili changu cha taarifa ya habari, akanikatiza akauliza mama anakula nini.

Na mgongo? Ulirudi, ndiyo, pale pale kwenye varanda ya hospitali. Niliuficha wiki nzima kwa aibu. Mwishowe nilikwenda, nikaketi kwenye benchi lile nikiwa peke yangu. Alinibonyeza upya pingili zote, akaniuliza maswali yote tena kana kwamba hajapata kuniona, akasema hana kitu cha kunipa. Nikamwambia anipe maji. "Si unajua ni maji," akasema. Nikasema najua. Akawasha stovu. Alinichoma maji meupe, bila rangi, bila hotuba. Asubuhi nilitembea mpaka chooni. Wenye digrii wataeleza, mimi ni mtu wa Form Four. Ila nimekuwa nikifikiri kwenye kiti hiki kwamba labda nyekundu haikuwa na kazi kubwa mara ya kwanza pia, na kwamba kilichoninyoosha ni mtu mmoja mwenye shughuli nyingi kuketi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa uhakika kwamba kesho nitatembea. Mwili, kama mimi mwenyewe, hupenda kuulizwa.

Lakini nguvu hiyo ni ya kuogopwa, na miaka hii tumeiona. Kila soko kati ya hapa na ziwa lina mtu mwenye chupa, na kila chupa inaponya ule ugonjwa ambao hatuutaji. Watu wameuza ng'ombe, wamekunywa, wamenenepa wiki mbili, wametangaza, wamekufa, na aliyeuza amehamia soko jingine. Wanasiasa nao huja kabla ya kura na vichupa vyao, wanaviinua dirishani tuone rangi, nasi tunasimama na kutembea hatua kadhaa. Hata sisi waandishi wa safu, tusijitoe. Nimewaandikia maneno mengi ya kuwapa moyo ambayo yalikuwa maji na vitamini kidogo, na baadhi yenu mmeniandikia kwamba yamewasaidia, nami nikanyamaza.

Sista alihamishiwa ziwani miezi sita baada ya ile alasiri. Muuza omena anasema huko, wagonjwa walipozidi na dawa zikakosekana kabisa, alikuwa akimwambia kila mtu ukweli wa hali yake kwa sauti ya chini, halafu haondoki. Anavuta kigoda. Wengine walimchukia kwa hilo, wakaenda kwa wenye chupa, na waliporudi walimkuta bado yuko kwenye kigoda. Nilifikiri juu ya hilo siku nzima ya Jumanne. Alikuwa na kipaji cha kumfanya mtu aamini, kipaji ambacho wengine wangejengea kanisa, na alikitumia kwangu kwa sababu ya huruma. Kisha siku moja, mbele ya watu kumi, akakivunja mwenyewe kwa sababu ya mwanamke mmoja asiyejua lugha yake.

Watu huniuliza, hasa wale wa dini, kama kumdanganya mgonjwa ili apone ni dhambi. Zamani ningewapa hotuba. Sasa nasema kwamba uongo wa huruma ni mkopo, na anayeukopa ni lazima awe tayari kuulipa yeye mwenyewe siku unapodaiwa, asimwachie mgonjwa. Sista alilipa. Alilipa kwa benchi lake, kwa jina lake, kwa miezi ile ya kufukuzwa na mbwa. Mimi nilitakiwa tu kutafsiri sentensi nne, na nilijaribu kuzikwepa mara mbili, wakati mama yangu anakufa. Tofauti ya watu hawa wawili ndiyo yote niliyo nayo ya kuwafundisheni leo. Mama yuko shambani ninavyoandika haya, analima mistari yake, na ananipigia kelele nilete jembe la pili.